Wanafanana, Lakini Si Wamoja: Jinsi Popo Wapya Wanavyotambuliwa

Ndugu wasomaji, andikeni neno "paa" katika daftari zenu. Sasa mwulizeni jirani maana yake. Mmoja atasema ni paa la nyumba. Mwingine atasema ni mnyama wa porini mwenye mbio. Wa tatu atasema ni kuruka juu, kama ndege anavyopaa. Herufi ni zile zile tatu, lakini mambo ni matatu. Mtu akitazama herufi tu, hawezi kujua. Ni lazima asome na maneno yaliyo kando yake.

Popo nao wako hivyo hivyo. Sisi tunaokaa Kwihara na vijiji vya jirani tunawaona kila jioni. Wengine hutoka katika mapaa ya nyumba na mapango ya miti. Wengine huja kwenye miembe ya zamani wakati maembe yanapoiva. Wote tunawaita popo, basi. Kumbe ndani ya jina hilo moja zimo aina nyingi, na nyingine zinafanana kiasi kwamba hata wataalamu walizichanganya kwa miaka mingi.

Mbona tunaandika habari za popo wakati kuna mazao na afya? Hebu tusome kwanza. Mwisho tutaona kwamba habari hii ni ya mazao na ya afya pia.

POPO NI MNYAMA GANI?

Popo ni mnyama, siyo ndege. Ana nywele laini mwilini, ana meno, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Bawa lake ni mkono. Vidole vyake vimerefuka, na ngozi imewambwa kati ya vidole hivyo kama ngozi ya ngoma.

Duniani zinajulikana aina zaidi ya 1,400 za popo. Ukichukua aina tano za wanyama wanaonyonyesha, moja hivi ni popo. Katika sehemu zetu kuna makundi mawili ya kukumbuka. La kwanza ni popo wanaokula matunda. Wana macho makubwa na uso kama wa mbwa. La pili ni popo wanaokula wadudu. Wengi wao ni wadogo, wana macho madogo, na hutafuta njia yao gizani kwa sauti.

AINA MOJA MAANA YAKE NINI?

Aina moja, ambayo wataalamu huiita spishi, ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Mbuzi na kondoo huchungwa pamoja na kulala zizi moja. Mtu asiyezoea mifugo akiwaona kwa mbali anaweza kuwachanganya. Mchungaji hawezi. Anatazama mkia tu: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umening'inia. Mrina asali wa Unyamwezi naye hutofautisha mtundu na muyombo, wakati mgeni huona msitu mzima ni miti ya namna moja.

Kazi ya mtaalamu wa popo ni hiyo hiyo ya mchungaji na mrina asali. Ugumu wake ni kwamba popo huruka usiku, na alama nyingine zinazowatenganisha hazionekani kwa macho.

Hapa tuelewane jambo moja. Wataalamu wakisema wamepata "aina mpya," hawana maana ya mnyama aliyeanza kuishi jana. Popo huyo amekuwepo tangu zama na zama. Upya uko kwenye vitabu. Ni kama kijiji chenye watu, mashamba na visima, lakini hakikuandikwa katika ramani. Siku kinapoandikwa, wenye ramani husema wamepata kijiji kipya. Wenyeji hucheka, kwa kuwa wao walikuwepo siku zote.

NJIA YA KWANZA: KUTAZAMA NA KUPIMA

Wataalamu hutandaza wavu wa nyuzi nyembamba sana wakati wa jioni, juu ya maji au kati ya miti. Popo akinaswa, hutolewa na mtu aliyevaa glovu na aliyechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hupimwa uzito kwa gramu. Mkono wake hupimwa kwa milimita, kutoka kiwiko hadi kifundo. Kisha hutazamwa masikio, pua, meno na rangi.

Wakati mwingine alama iko mahali ambapo mtu hangefikiria. Papasa kaakaa lako kwa ulimi. Utagusa matuta madogo. Popo wa matunda nao wanayo. Kuna popo wa matunda ambao madume yao yana vishungi vyeupe mabegani. Aina zao zinafanana sana. Mtaalamu hufungua kinywa na kuhesabu matuta yaliyo nyuma ya jino la mwisho. Aina inayoitwa Epomophorus wahlbergi ina tuta moja. Jamaa yake anayeitwa Epomophorus crypturus ana mawili. Umbo zima linadanganya, lakini matuta yanasema kweli.

NJIA YA PILI: KUSIKILIZA

Popo wanaokula wadudu hutoa sauti kali wanaporuka. Sauti hugonga mti au mdudu, halafu hurudi masikioni mwao. Kwa mwangwi huo popo hujua kitu kiko wapi na kina ukubwa gani. Sisi hatuzisikii nyingi za sauti hizo. Sikio la mtu mwenye afya husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Popo wengi hupiga sauti juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo wataalamu hutumia chombo kinachonasa sauti hizo na kuzionyesha kama mistari.

Huko Uingereza kuna popo mdogo sana anayekaa katika nyumba za watu. Kwa miaka mingi watu walimhesabu kuwa aina moja. Katika miaka ya 1990 wataalamu waligundua kwamba wengine hupiga sauti ya kilohezi 45 hivi, na wengine 55 hivi. Walipochunguza zaidi wakakuta ni aina mbili. Nchi yenye wasomi wengi na makumbusho makubwa ilikuwa na aina mbili za popo chini ya mapaa yake, nayo haikujua.

Afrika pia ina mfano wake. Mwaka 1878 mtaalamu Peters wa Berlin alimpa jina popo mkubwa aliyepatikana Ndi, katika nchi ya Taita, Kenya. Popo huyo ana nyama puani yenye umbo la kiatu cha farasi, kama herufi U. Aliitwa Rhinolophus hildebrandtii, kwa heshima ya Hildebrandt aliyemkusanya. Baadaye popo wengi wakubwa wenye pua hiyo, kutoka Kenya mpaka Afrika Kusini, waliingizwa katika jina hilo moja. Mwaka 2012 Peter Taylor na wenzake walionyesha kwamba ndani ya jina hilo kulikuwa na aina nyingine nne za kusini mwa Afrika. Aina moja hupiga kilohezi 33 hivi, nyingine 38 hivi, nyingine 46 hivi. Aina mojawapo kati ya hizo nne imepewa jina la mlima Mabu ulioko Msumbiji.

NJIA YA TATU: KUSOMA URITHI

Mtaalamu hukata kipande kidogo cha ngozi ya bawa, cha upana wa milimita chache. Kidonda hupona. Ndani ya ngozi hiyo mna kitu kinachoitwa DNA. Tuseme ni barua ndefu sana iliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mzazi humnakilia mtoto wake barua hiyo, na mtoto huja kumnakilia wa kwake.

Sisi tuliopita madarasa ya kisomo tunajua habari ya kunakili. Makosa madogo huingia. Wanaonakili kwa mwalimu mmoja hurithi makosa yale yale. Madarasa mawili yakitengana kwa miaka mingi, kila moja huwa na makosa yake. Ndivyo ilivyo kwa popo. Makundi mawili yasipozaana kwa muda mrefu, barua zao huachana kidogo kidogo. Mtaalamu akizisoma na kuzilinganisha, anaona nani ni ndugu wa karibu na nani walitengana zamani.

Lakini angalieni. Tofauti ndogo peke yake haitoshi. Kinyamwezi cha sehemu moja hutofautiana kidogo na cha sehemu nyingine, lakini bado ni Kinyamwezi. Kwa hiyo wataalamu hufanya kama wazee wa baraza. Shahidi mmoja hatoshi. Vipimo, meno, sauti na urithi vikisema jambo moja, ndipo wanapokata shauri.

KUTOA JINA

Kabla ya kutoa jina, ni lazima popo alinganishwe na wale waliokwisha kupewa majina. Kila jina limefungwa kwa mnyama mmoja aliyehifadhiwa katika makumbusho. Mnyama huyo ni kama jiwe la mizani dukani. Ukibishana kuhusu kilo, unarudi kwenye jiwe. Ukibishana kuhusu jina la popo, unarudi kwa yule wa makumbusho. Ndiyo sababu mtaalamu wa popo wa Afrika mara nyingine hulazimika kwenda Berlin, London au Chicago kupima popo aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Akiona hakuna anayelingana naye, anaandika maelezo yote, anachagua mnyama wa kuhifadhiwa, na anatoa jina la maneno mawili. Wataalamu wengine huyasoma na kuyapinga au kuyakubali. Wakati mwingine mambo huwa kinyume: majina mawili hukutwa ni ya aina moja, na jina moja hufutwa.

WALIOPATIKANA KWETU AFRIKA MASHARIKI

Mwaka 2000 popo mmoja wa karibu na Tanga alipewa jina la Kiswahili. Anaitwa Rhinolophus maendeleo. Mmoja wa waliomwandika ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naam, neno lile lile tunaloandika kila siku katika daftari zetu sasa ni jina la popo duniani kote.

Ukifuata njia ya zamani ya misafara kutoka Kwihara mpaka Ujiji, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika, unafika upande wa Kongo. Huko, katika nyanda za juu za Misotshi-Kabogo, alipatikana Rhinolophus willardi. Kaskazini zaidi, Kahuzi, alipatikana Rhinolophus kahuzi. Wote wawili waliandikwa mwaka 2013.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya popo wa manjano. Hawa hupenda mapango ya miti na mapaa ya nyumba. Wengi wao Afrika walikuwa wakiitwa Scotophilus dinganii, jina lililotolewa mwaka 1833 kwa kumkumbuka Dingane, mfalme wa Wazulu. Brooks na Bickham walisoma urithi wao, wakatoa majina manne mapya. Mmoja ni andrewreborii. Mwingine ni trujilloi. Mwingine ni ejetai, kwa heshima ya Gebisa Ejeta wa Ethiopia, mtaalamu wa mtama aliyetafuta mbegu inayostahimili kiduha na kupata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Wa nne ni livingstonii. Jina hilo halihitaji maelezo hapa Kwihara, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley, mpaka alipoondoka mwezi Agosti.

Tena mwaka 2020 Ara Monadjem na wenzake, akiwemo Paul Webala wa Kenya, waliwapanga upya popo wadogo wa Afrika Mashariki wanaofanana kama punje za ulezi. Walitoa majina mawili mapya. Pseudoromicia nyanza ni wa magharibi ya Kenya. Pseudoromicia kityoi ni wa Uganda, na jina lake linamheshimu Robert Kityo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Zamani majina mengi yalikuwa ya wasafiri wa Ulaya. Sasa yameanza kuingia ya watu wetu.

KUNA FAIDA GANI?

Tuanze na mbu. Zamani mbu wote walioitwa Anopheles gambiae, wanaoleta malaria, walidhaniwa kuwa aina moja. Katika miaka ya 1960 ikathibitika kwamba ni aina kadhaa zinazofanana. Gambiae mwenyewe hupenda sana kuuma watu, tena ndani ya nyumba. Jamaa yake, arabiensis, huuma na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje. Kwa hiyo chandarua humbana wa kwanza kuliko wa pili. Anayewahesabu kuwa mmoja atashangaa kwa nini dawa imefaa kijiji hiki na haikufaa kile.

Sasa turudi kwa popo. Kuna ugonjwa mkali uitwao Marburg. Ulizuka mkoani Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo, mkoa huo huo, mwaka 2025. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba virusi vyake hukaa katika popo mmoja wa matunda anayeitwa Rousettus aegyptiacus. Popo huyu hulala mchana katika mapango na migodi, kwa maelfu. Hakai mchana katika matawi ya miembe kama popo wenye vishungi mabegani.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, waliugua Marburg. Baadaye popo wa mgodi ule waliuawa na kufukuzwa. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena mjini Ibanda, si mbali na mgodi. Wataalamu walirudi Kitaka, wakakuta popo wamerudi. Awali, katika mapango ya sehemu hizo, popo kama 5 katika kila 100 walikuwa na virusi. Safari hii walikuwa kama 13 katika kila 100. Kuua ovyo hakukuondoa hatari. Hatari ilirudi kubwa zaidi.

Mnaona sasa? Mtu asiyejua tofauti atachoma moto popo wote wa kijiji, wale ambao hawakutajwa katika ugonjwa huo, na bado ataingia pangoni kuchimba bila kujikinga. Atakuwa amepiga asiyehusika na kumwacha anayehusika. Hatusemi kwamba popo wengine ni wa kuchezea. Popo yeyote anaweza kuuma na kuleta maradhi. Tunasema kwamba mwenye kujua tofauti hujikinga mahali panapostahili.

Faida nyingine ni ya shamba. Popo wanaokula wadudu humaliza nondo wengi, na viwavi vya nondo ndivyo vinavyokula mahindi na pamba. Popo wa matunda huchavusha maua ya mbuyu, ambayo hufunguka usiku, na hubeba mbegu za miti ya porini.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Popo anayeitwa maendeleo amepatikana mara chache tu, sehemu za Tanga. Kama angebaki amefichwa ndani ya jina la popo wa kawaida, msitu wake ungekatwa na vitabu vingeendelea kusema: "Popo huyo yuko tele." Asiye na jina lake huondoka bila kuhesabiwa.

KIJIJINI TUFANYE NINI?

1. Tusiwashike popo kwa mikono mitupu, hata aliyekufa. Watoto wafundishwe hivyo.

2. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi ya kutiririka, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo.

3. Tusile tunda lililoumwa na popo au mnyama mwingine.

4. Tusiingie katika mapango na migodi yenye popo wengi bila sababu na bila kinga.

5. Popo wakisumbua darini, tusiwachome moto. Tungoje wakati ambapo watoto wao wamekwisha kuweza kuruka. Jioni wote wakiisha kutoka, tuzibe matundu.

6. Tunapokata kuni za kukaushia tumbaku, tuache miti mikubwa yenye mapango. Ni nyumba ya popo, na pia ya nyuki.

7. Akija mgeni na nyavu za kunasa popo, serikali ya kijiji imwombe vibali. Utafiti wa wanyamapori nchini hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Mwenye vibali apewe msaada, na aombwe aeleze katika mkutano alichokiona.

Tena yupo mtu wa kijijini anayejua pango gani lina popo wa namna gani, na mwezi gani hutoka. Sasa anajua na kuandika. Aandike katika daftari tarehe, mahali na alichokiona. Hesabu kama hiyo, ikitunzwa kwa miaka, itamsaidia sana mtaalamu atakayekuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni vitu viwili vya hapa kijijini vinavyofanana lakini si vya aina moja. Mnavitofautisha kwa alama gani?

2. Kwa nini wataalamu hawatosheki na shahidi mmoja wanapotafuta aina mpya?

3. Kuwaua popo wa Kitaka kulileta matokeo gani? Sisi tujifunze nini?

4. Popo wa hapa kwetu hulala wapi mchana? Andikeni sehemu tatu, na katika kila moja mweleze kama ni pango, paa au mti.